Kitambaa, Mamlaka na Malaika: Tusome Upya Wakorintho wa Kwanza 11

Kuna aya moja ya Biblia ambayo kwenye ushirika wetu wa wanafunzi hapa Singida kila mtu anaijua, lakini hakuna anayependa kuulizwa maana yake. Ni Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, aya ya 10. Paulo anaongelea mwanamke anayesali na habari ya kichwa chake, anafika mahali pa kutoa sababu, na sababu yenyewe ni malaika. Basi. Haongezi neno. Anaendelea na mengine kana kwamba kila msomaji ameshaelewa.

Muhula uliopita dada mmoja wa mwaka wa kwanza alipangwa kuongoza maombi. Alikuwa amesuka, hana kitambaa. Mhudumu wa mlangoni akamzuia. Alipouliza kwa nini, akajibiwa: kwa ajili ya malaika. Alipouliza malaika wanahusikaje na nywele zake, akaambiwa asibishane na Neno. Mwenzake akampa khanga, akajifunga, akaingia, akakuta zamu yake imeshapewa kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Hakuirudisha mtu. Yaani kitambaa amevaa, na kuomba hakuomba.

Mimi najifunga kilemba kila Jumapili, tena kwa pini mbili, maana upepo wa Singida mnaujua. Kwa hiyo asije mtu akasema naandika kutetea vichwa wazi. Ninachotaka ni tuisome aya yenyewe, kwa sababu jibu la pale mlangoni lilitolewa haraka mno.

Tuanze na barua. Paulo aliiandika akiwa Efeso, miaka ya katikati ya 50 baada ya Kristo. Korintho ilikuwa koloni la Kirumi, mji uliojengwa upya kwa amri ya Yulio Kaisari mwaka 44 kabla ya Kristo, na mambo ya kichwani yalikuwa na maana kubwa mjini humo. Mwanaume wa Kirumi alipotoa sadaka kwa miungu alivuta sehemu ya vazi lake akajifunika kichwa. Huko Korintho imepatikana sanamu ya Kaisari Augusto akiwa amejifunika namna hiyo hiyo. Basi Paulo anapowaambia wanaume wasisali wamefunika vichwa, huenda anawatenga na desturi ya mahekalu ya mji wao. Tuone hilo kwanza: agizo linawahusu wote wawili, ila sijawahi kuona mwanaume anasimamishwa mlangoni kwa sababu ya kichwa chake.

La pili lipo aya ya 5, na huwa tunalipita mbio. Paulo anamtaja mwanamke anayesali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Haulizi kama aruhusiwe au la. Anachukulia kwamba jambo hilo lipo, linaendelea, na anachojadili ni namna ya kuwa wakati wa kulifanya. Mtu anayeitumia sura hii kumnyamazisha dada anaitumia kinyume cha kazi yake.

Sasa tuje kwenye neno. Kigiriki cha aya ya 10 kinasema mwanamke anapaswa kuwa na *eksousia* kichwani, au juu ya kichwa. *Eksousia* ni mamlaka, haki, uwezo wa kuamua. Neno hilo hilo Paulo analitumia sura ya 8 anapowaonya wenye uhuru wa kula chochote, na sura ya 9 anapouliza kama mitume hawana haki ya kula na kunywa, na ya kusafiri na mke. Chukueni Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ile ya 1952 iliyounganisha kazi za watafsiri wa Unguja na wa Mombasa. Sura ya 8 na ya 9 inatumia neno “uwezo”. Mkifika sura ya 11, kwa mwanamke, uwezo umetoweka na mahali pake mnakuta habari ya kumilikiwa. Barua moja, mwandishi mmoja, neno moja la Kigiriki. Mitume wakiwa nalo ni haki yao. Mwanamke akiwa nalo, ni yeye aliyemilikiwa!

Siwalaumu sana wazee wale. Kwanza, katika Kiswahili chao kumiliki kulikuwa pia kutawala: mfalme alimiliki, na nchi yake ikaitwa milki. Sikio la leo linasikia hati miliki ya kiwanja. Na kwetu huku, ambako mahari inahesabiwa kwa ng'ombe na kila shangazi anakumbuka walikuwa wangapi, msichana akisikia kwamba kitambaa chake ni alama ya kumilikiwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Pili, hawakuwa wa kwanza. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliacha neno “mamlaka” ndani ya aya, halafu ikaweka maelezo pembeni kwamba maana yake ni kifuniko kinachoonyesha kuwa yuko chini ya mumewe. Katika Kiswahili maelezo ya namna hiyo yameingia ndani ya aya yenyewe. Na hata mapema zaidi, katika karne ya pili, kwenye kitabu cha Ireneo wa Lyon aya hii inatajwa ikiwa na shela mahali pa mamlaka. Watu wamekuwa wakilibadilisha neno hili tangu zamani kwa sababu linawatatiza.

Wapo watakaosema: lakini aya ya 3 inasema mwanaume ni kichwa cha mwanamke, kwa hiyo mamlaka inayotajwa ni ya mwanaume, na kitambaa ni ishara yake. Hoja hiyo si ya kudharau. Wasomi wengi waliishika kwa karne nyingi. Tatizo lake ni lugha. Agano Jipya linajua kusema kwamba mtu yuko chini ya mamlaka. Yule akida wa Kirumi katika Luka 7 anasema hivyo juu yake mwenyewe, na Kigiriki kinatumia kihusishi cha “chini ya”. Paulo hakukitumia hapa. Anayesemwa kuwa *na* mamlaka, kwa kawaida ya lugha hiyo, ni mwenye mamlaka. Mwaka 1964 msomi wa Kiingereza Morna Hooker alichapisha makala akionyesha kwamba aya hii inasomeka vizuri tukikubali linavyosema: kichwa cha mwanamke anayesali kina mamlaka, yaani idhini yake ya kusali na kutoa unabii. Mimi naona ana haki.

Tena sisi Waswahili hatukupaswa kupata shida na wazo hili. Kilemba ni nini katika lugha yetu? Tangu enzi za masultani na maliwali, aliyevikwa kilemba ni aliyepewa cheo. Kitambaa kichwani kuwa alama ya mamlaka ya mvaaji ni jambo ambalo Kiswahili kinalijua kabla hatujafungua kamusi ya Kigiriki. Ila Kiswahili kinajua pia kilemba cha ukoka, kile anachovikwa mtu kwa sifa za uongo, kesho kimenyauka. Ndicho alichovikwa yule dada: ameambiwa jifunge ndipo uombe, amejifunga, zamu imekwenda.

Nywele nazo zinataka neno moja. Paulo anasema ni aibu mwanamke kunyolewa, na kwamba nywele ndefu ni utukufu wake. Jamani, sisi tuliosoma sekondari za serikali tumekaa miaka na vichwa vilivyokatwa nywele kwa amri ya shule, kaka na dada hatutofautiani ila kwa sketi, na hakuna aliyesema malaika wameudhika. Aibu na heshima ya nywele ni lugha ya mji fulani wakati fulani. Paulo aliongea na Korintho kwa lugha ya Korintho.

Haya, malaika sasa. Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu, na ni ndugu wa neno la Kiebrania *malakh*. Shina lao ni la kutuma. Kigiriki *angelos* ni vivyo hivyo: mjumbe, au kama tunavyosema maofisini, tarishi. Luka 7 inawaita hivyo watu waliotumwa na Yohana Mbatizaji, watu wa kawaida wenye miguu ya vumbi. Kwa sababu hiyo wapo wanaosoma aya yetu kwamba malaika hapa ni wajumbe wa kibinadamu, wageni au wapelelezi wanaokuja kutazama kusanyiko na kupeleka habari nje. Inawezekana kilugha, lakini Paulo anapotaja malaika kwenye barua hii hii mahali pengine hamaanishi matarishi, kama nitakavyoonyesha. (Kiswahili kinaita malaika hata vile vinyweleo laini vya mwilini. Hilo lisimpeleke mtu mbali. Paulo hakujua Kiswahili.)

Usomaji wa pili ndio unaopendwa kwenye mahubiri ya usiku wa mkesha, na ndio unaonikera zaidi. Unakwenda Mwanzo sura ya 6, mahali pagumu kuliko hapa. Pale wana wa Mungu wanawaona binti za wanadamu kuwa wazuri, wanajichukulia wake, na Wanefili wanatajwa. Ni akina nani hao wana wa Mungu? Wayahudi wengi wa zamani walisema ni malaika. Augustino alisema ni uzao wa Sethi uliochanganyika na uzao wa Kaini. Targumi ya Onkelo, tafsiri ya zamani ya Torati kwa Kiaramu, inasema ni wana wa wakuu, watu wenye nguvu. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, mwanzoni mwa karne ya tatu, alichukua usomaji wa malaika akaupeleka moja kwa moja Korintho: wanawake wajifunike kwa sababu malaika waliwahi kuanguka kwa kuwatamani wanawake. Kwa maneno mengine, dada, funika kichwa usije ukamwangusha malaika.

Niseme kwa nini siukubali. Yesu, katika Mathayo 22, anawataja malaika kama wasiooa wala kuolewa. Kama ni malaika watakatifu, khanga ya shilingi elfu chache ndiyo inayowazuia wasianguke? Kama ni wale walioanguka, wamekuwa lini waungwana wa kuheshimu kitambaa? Lakini hoja yangu kubwa imo ndani ya Mwanzo 6 kwenyewe. Angalieni vitenzi. Wanaoona ni wana wa Mungu. Wanaochagua ni wao. Wanaochukua ni wao. Binti wale hawafanyi lolote katika aya zile, hata neno hawasemi. Hakuna palipoandikwa kwamba walijipamba au waliacha vichwa wazi.

Na simulizi refu kuliko yote la jambo hili limehifadhiwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Ni Kitabu cha Henoko, ambacho kimebaki kizima kwa lugha ya Ge'ez tu, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu ndani ya Biblia yake. Ulaya walikuwa wamekipoteza mpaka Mskoti James Bruce alipofika na nakala kutoka Ethiopia mwaka 1773. Baadaye vipande vyake vya Kiaramu vikapatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Yuda, kwenye waraka wake mfupi, anamtaja Henoko na unabii wake. Katika kitabu hicho malaika 200, wanaoitwa Walinzi, wanakubaliana kwa kiapo juu ya mlima Hermoni, wanashuka na kujichukulia wanawake. Hukumu inapokuja, anayefungwa mikono na miguu na kutupwa jangwani gizani ni Azazeli, mmoja wa wakuu wao. Wenye nguvu ndio wanaoshtakiwa. Ni kweli kwamba kitabu kingine cha zamani, Agano la Reubeni, kinageuza lawama na kusema wanawake ndio waliowavutia Walinzi. Kumbe hata enzi hizo kulikuwa na mtu wa kuuliza, “Kwani alikuwa amevaa nini?”

Swali hilo tunalijua hapa chuoni. Dada akisumbuliwa njiani kutoka maktaba usiku, ndilo la kwanza. Dada akiitwa ofisini kwa mtu kwa sababu ya matokeo ya mtihani, ndilo hilo hilo, ingawa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imemtaja kuwa mkosaji yule anayetumia mamlaka yake kudai ngono, na haikusema neno juu ya sketi ya anayedaiwa. Kwa hiyo mhubiri anayemfundisha msichana wa miaka ishirini kwamba kichwa chake kiliangusha malaika ajue anapanda mbegu gani, na nani atakuja kuvuna.

Usomaji wa tatu ulipata nguvu baada ya ugunduzi wa Qumran. Kanuni za jumuiya ile zinawakataza vilema, vipofu na viziwi kuingia kwenye kusanyiko, na sababu inayotolewa ni kwamba malaika watakatifu wamo kati yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mjesuiti wa Marekani, Joseph Fitzmyer, aliliona hilo akalilinganisha na Paulo: malaika wa aya ya 10 ni wale wanaohudhuria ibada pamoja na watu. Hapo nadhani alipatia. Mwenzangu wa chumbani ni Mwislamu wa Kondoa. Nilipomweleza akacheka, akasema yeye akimaliza swala anatoa salamu kulia na kushoto, na amefundishwa kwamba malaika nao wanasalimiwa. Kwake malaika kuwemo kwenye ibada si fumbo hata kidogo. Ila Fitzmyer aliendelea mbele akasema kichwa wazi cha mwanamke kilihesabiwa kama kasoro ya mwili. Hapo simfuati. Qumran walitaja malaika ili kufunga mlango. Paulo anawataja akiwa anaongelea mtu ambaye tayari yumo ndani na anasali kwa sauti.

Dawa ya aya ngumu ni kumsoma mwandishi kwa mwandishi mwenyewe. Kwenye barua hii Paulo anataja malaika mara nne. Sura ya 4, mitume wamekuwa tamasha linalotazamwa na ulimwengu, malaika na wanadamu: malaika ni watazamaji. Sura ya 13, anataja lugha za wanadamu na za malaika: malaika wana usemi wao. Na sura ya 6, pale anapowagombeza Wakorintho kwa kupelekana mahakamani, anawauliza kwa mshangao kama hawajui kwamba watawahukumu malaika. Watawahukumu! Hakusema wanaume peke yao. Sasa unganisheni sura ya 6 na ya 11. Mwanamke atakayeketi siku moja kuwahukumu malaika anasimama leo kusali, malaika wakitazama, na kichwani mwake ana mamlaka. Kwa ajili yao, maana yake ni mbele ya mashahidi wa namna hiyo asisimame kama mtu aliyejipenyeza. Hivyo ndivyo ninavyoisoma, na aya za 11 na 12, ambapo mwanaume na mwanamke hawapo mmoja bila mwenzake katika Bwana, zinafuata hapo bila kulazimishwa.

Najua kuna atakayenirushia sura ya 14, penye wanawake kunyamaza. Swali halali. Lakini anayelileta anadaiwa maelezo ya jinsi Paulo alivyoweza kupanga utaratibu wa wanawake kutoa unabii sura ya 11 na kuwafunga midomo sura tatu mbele. Wapo wanaosema pale anazuia maswali ya kukatiza ibada, na wapo wanaosema ananukuu maneno ya Wakorintho ili ayajibu. Tutalichukua siku yake.

Mambo ya vichwa yenyewe Paulo anayafunga aya ya 16 kama mtu aliyechoka: mwenye kutaka ugomvi, sisi hatuna desturi hiyo. Alikuwa ameianza mada hii, aya ya 2, kwa kuwasifu. Aya ya 17 anageuka na kusema hawasifu, na kinachomfanya akose sifa za kuwapa si kitambaa. Ni kwamba wanapokutana kula, huyu ameshashiba na kulewa na huyu ana njaa. Hiyo ndiyo sehemu tutakayosoma Alhamisi ijayo, chumba kile kile, na kwa kuwa mikopo ya wengine haijaingia, nimeomba kila mwenye chochote aje nacho. Yule dada wa mwaka wa kwanza ndiye atakayefungua kwa maombi.